Jibu: Ruwenzori si volkano sawa Nyiragongo

Ndugu, umeuliza kama mlima Ruwenzori nao unaweza lipuka sawa Nyiragongo yetu, na uvae nini kama ukipanda mpaka Margherita, kilele chake cha juu kabisa. Usiogope lava, kule hakuna, ile ni kipande cha mwamba wa zamani sana kilisukumwa juu wakati bonde la ufa lilikuwa linapasuka, ndiyo maana mawe yake hayafanane na haya meusi yenye tunajengea nyumba hapa Goma.

Chenye utaogopa ni baridi na mvua. Margherita iko mita 5,109, Goma iko kama 1,500, na kila mita 1,000 ukipanda joto linashuka karibu digrii 6, basi hesabu mwenyewe, juu ni barafu. Barafu yenyewe inaisha, naumia sana nikifikiria, mu 1906 ilifunika karibu kilomita 7 za mraba, leo haifike hata 1.

Vaa bote za mpira ju matope ni mengi, na uchague Juni mpaka Agosti ama Desemba mpaka Februari. Kichwa kikiuma sana na unatapika, shuka palepale. Na kabla ya kufika Mutwanga, kwenye watu wanaanzia kupanda, uliza kwanza usalama uko namna gani, tafazali.