Kikao hakikufutwa: aibu iliyonifundisha "put off"

Watu kumi na mmoja walikosa kikao kwa sababu yangu. Ujumbe ulikuja kwa Kiingereza, mstari mmoja tu: "The meeting has been put off." Katika lile kundi mimi ndiye niliyejifanya mjuzi wa Kiingereza, nikautafsiri hapo hapo: kikao kimefutwa. Wenzangu wakashukuru, kila mtu akapanga mambo yake. Tarehe mpya ikatumwa kwa barua pepe ambayo hakuna aliyeifungua, maana kikao chenyewe kilishakufa vichwani mwetu. Siku ilipofika, mwenyekiti akanipigia simu akiwa amezungukwa na viti vitupu.

Kufuta ni "call off". "Put off" ni kuahirisha: jambo limesogezwa mbele, bado lipo. Kosa langu lilikuwa kuitazama "off" peke yake, kama vile taa iliyozimwa.

Hivi vitenzi vya Kiingereza vinavyotembea na kijineno huwatisha watu bure. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga chafya, wala hatujiulizi nani kampiga nani. Maana ya "piga" inakamilishwa na neno linaloifuata. Ndivyo ilivyo kwa "put": ukiikuta na "off", yasome yote mawili kama neno moja, halafu tazama ni nani au nini kinachosogezwa.

Kikisogezwa kikao, safari au harusi, ni kuahirisha. Hapa "postpone" nayo inafaa, ila ni ya kiofisi zaidi, na haina ile harufu ya uvivu ambayo "put off" huweza kuwa nayo. Anayesema "I keep putting off going to the dentist" anakiri kwamba anamkwepa daktari wa meno. Tazama pia hiyo "going". Kiswahili kina "kuahirisha kwenda", ndiyo maana wengi wetu tunaandika "put off to go". Si sahihi, baada ya "put off" kitenzi kinachofuata huchukua "-ing". Na ukitumia kiwakilishi, kiweke katikati: "put it off", kamwe si "put off it". Hili la pili lilinichukua miaka, na bado nikiwa na haraka hunitoka.

Anaposogezwa mtu, mambo yananoga. "I asked for my money, but he kept putting me off." Usihangaike kutafuta tafsiri ya kitabuni, kwa sababu tunayo yetu tamu kabisa: alikuwa akinipiga kalenda. Njoo kesho, njoo Ijumaa, njoo mwisho wa mwezi.

Halafu kuna kusogezwa kwa hamu. "The smell put me off" maana yake ile harufu ilinikata hamu. Ukitaka kutaja kitu chenyewe ulichopoteza hamu nacho, kiweke mwishoni: "It put me off eggs", yaani tangu hapo mayai siyataki. Kwa maoni yangu, maana hii ndiyo inayostahili mazoezi kuliko zote, kwa sababu utakutana nayo kila siku na mara nyingi itakuja katika hali ya kutendwa: "Don't be put off by the price", bei isikurudishe nyuma. Ukiitafsiri hiyo kwa "usiahirishwe na bei", msomaji atakushangaa.

Waingereza wana nyingine tena. Unalenga mpira, mtu amesimama pembeni anakukodolea macho, unamwambia "You're putting me off". Hapo anakutoa mchezoni.

Taa? Wengi wetu husema "put off the light" na tunaelewana vizuri tu, lakini kwa mgeni sema "turn off" au "switch off". Na usidhani "put on" ni kinyume cha haya yote. Nguo unai-"put on", lakini kuivua ni "take off". Zamani hata kuvua kulikuwa "put off": katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, Kutoka 3:5, ndivyo Musa anavyoambiwa kuhusu viatu vyake. Leo ukisema hivyo utaonekana umetoka karne hiyo.

Ushauri wangu kwenye daftari lako: usiandike "put off = ahirisha" ukaishia hapo. Andika sentensi nzima, yenye mtu au kitu kinachosogezwa, kisha uiseme kwa sauti.

Na ukipokea ujumbe kama ule wangu, uliza tarehe kabla hujamtangazia mtu yeyote. Majuzi nililetewa mwingine, nikajibu kwa kujiamini: "Until what date?" Jibu likarudi baada ya dakika mbili: "Sorry, I meant called off."