Je, ugonjwa wa Huntington ni laana ya ukoo?

Dada wa Moshi uliyeuliza kama ugonjwa wa Huntington (unaoharibu ubongo polepole) uliomshika baba yenu ni laana ya ukoo, na kama watoto wote lazima waupate: hapana, si laana, na kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Chanzo ni jeni moja kwenye kromosomu ya 4 (mojawapo ya nyuzi za seli zinazobeba urithi), ambamo herufi tatu za DNA, yaani CAG, hujirudia kupita kiasi. Zikifika mara 40 au zaidi, ugonjwa hutokea, mara nyingi kati ya umri wa miaka 30 na 50.

Haya tunayajua kwa juhudi za watu kama Nancy Wexler, mtafiti wa Marekani ambaye mama yake aliugua ugonjwa huohuo, na ambaye kuanzia 1979 alikwenda na wenzake mpaka Ziwa Maracaibo, Venezuela, kukusanya damu na kuandika nasaba za familia zilizoathirika (nami namheshimu sana kwa hilo), hadi jeni yenyewe ikapatikana mwaka 1993.

Asiyeirithi jeni hiyo yenye kasoro hawezi kuwarithisha wanawe. Kabla ya kupima, tafadhali zungumzeni kwanza na daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, kwa kuwa dawa ya kuuponya bado haijapatikana.