Kitalu cha nyasi za kuziba viraka vya grini (eneo la nyasi fupi sana lenye shimo kwenye uwanja wa gofu): udongo wa bustani unafaa?
Hapana. Tumia mchanga uleule ulio chini ya grini zenu, kina cha sentimita 30 juu ya sentimita 10 za kokoto. Sababu ni maji: pande la nyasi lililokatwa kitaluni na lenye udongo mzito likiwekwa juu ya mchanga wa grini, tabaka hilo hushika maji, mizizi haishuki, na kiraka huoza mvua zikija au hukauka jua likiwaka. Kwa uwanja wa mashimo 18, anzeni na mita za mraba 300 hadi 500.

Bermuda, nyasi ya grini, hupandwa kwa vikonyo (vipande vya mashina yanayotambaa), si mbegu. Penye joto na maji ya kutosha hufunika ardhi kwa wiki 8 hadi 12. Hapo ndipo wengi hulegea, na ndipo kitalu huharibika. Kikatwe kila siku kama grini, urefu ushushwe taratibu hadi milimita 4, kitobolewe na kunyunyiziwa mchanga. Nyasi zilizoachwa ndefu, zikihamishiwa grini, mashine ya kukatia itazichuna hadi vikonyo vibaki wazi. Aina ya Bermuda nayo iwe ileile ya grini: Tifdwarf katikati ya TifEagle, aina nyingine, itabaki doa.