Futa hizo skripti tatu: kujenga paketi ya Python yenye kodi ya C

Mkuu, umesema paketi yako ina sehemu ya C, kwenye Ubuntu yako inajengeka vizuri, ila watu wa Windows na Mac wanalalamika, na sasa una skripti tatu, ukirekebisha moja nyingine inaharibika. Natunza paketi ya aina hiyo kazini. Ushauri wangu: zifute zote. Maelezo ya ujenzi yakae kwenye pyproject.toml (faili la mipangilio ya mradi wa Python), na kazi ya kuzunguka mifumo yote iachie cibuildwheel, zana inayojenga paketi kwa kila mfumo.

Kukompaili ndiyo sehemu rahisi. Kinachosumbua ni faili la .whl (paketi iliyokwisha kujengwa, tayari kusakinishwa) linategemea nini likifika kwa mwenzako. Ukijenga kwenye Ubuntu mpya, .so yako (kodi ya C iliyokompailiwa) inaunganishwa na glibc mpya (maktaba ya msingi ya C kwenye Linux), mwenye seva ya zamani ataletewa "GLIBC_2.34 not found". Ndiyo maana kuna kontena za manylinux, yaani mazingira ya Linux ya zamani yaliyoandaliwa kwa kujengea: manylinux2014 ni CentOS 7 yenye glibc 2.17, manylinux_2_28 ni AlmaLinux 8. Jenga humo, kisha zana ya auditwheel iingize maktaba za nje ndani ya faili. Kwa Mac kazi hiyo ni ya delocate, pamoja na kuweka MACOSX_DEPLOYMENT_TARGET (toleo la zamani kabisa la macOS unalotaka paketi ifanye kazi). Kwa Windows kuna delvewheel. Hakikisha imo kwenye mipangilio yako.

Sasa fungua kodi yenyewe utafute kila palipoandikwa long (aina ya namba nzima katika C). Kwenye Linux na Mac za biti 64, long ina biti 64. Kwenye Windows ni 32, hata mashine ikiwa ya biti 64. Kompaila inaweza kupitisha bila kelele, namba kubwa zikaja kukatwa mtumiaji akiwa kazini. Andika int64_t, ambayo ni biti 64 kila mahali. Na -march=native (inayoambia kompaila itumie amri zote za prosesa ya mashine inayojenga) iondoe kabisa kwenye faili za kusambaza, maana prosesa ya mtumiaji ikiwa ya zamani programu inakufa na "Illegal instruction".

Kama setup.py (skripti ya ujenzi ya paketi) bado inaita distutils, zana ya zamani ya kujengea iliyokuja na Python, ilishaondolewa tangu Python 3.12 (2023). Hamia setuptools.

Majaribio yaendeshe nje ya folda ya mradi, kwenye mazingira mapya yenye .whl peke yake. Ukiyaendesha ndani ya folda, Python inaweza kuchukua kodi iliyo hapo badala ya iliyosakinishwa, ukaona kila kitu kimepita huku faili lenyewe halina hata .so. Bandika setup.py yako hapa tuone unaunganisha maktaba zipi.