Usianzie kwa Sayyid Said, anzia jamvini

Mhariri, assalamu alaykum. Wiki hii mmeuliza: mtu aliyepewa dakika 7 kuwaelezea watu jambo analolijua ajitayarishe vipi? Mimi nasema apunguze.

Tuchukue karafuu, mada isiyokwisha hapa Pemba. Msemaji huanzia kwa Sayyid Said, sultani wa zamani aliyeeneza kilimo cha karafuu visiwani, akapita kwenye bei, akamalizia kwa kuwanasihi vijana wavivu, na muda wake umekwisha kabla hajafika jamvini, yaani kwenye kuanika. Kwa hiyo, kabla hujaandika chochote, tunga sentensi moja ambayo msikilizaji ataweza kuibeba hadi barazani jioni ile akamwambia mwenziwe. Kwa mfano: "Karafuu nyingi huharibikia kwenye kuanika." Kisichoisaidia sentensi hiyo kitoe, hata kiwe kitamu vipi. Mawaidha nayo yana siku yake; watu wakihisi wanasemwa, maelezo hawayasikii tena.

Halafu jiulize waliokaa mbele yako wanajua nini. Mtu wa Wete au Mkoani humfundishi kuukwea mkarafuu. Anachoweza kukosa ni sababu: kwa nini karafuu mbichi zikirundikwa usiku kucha hupata moto, zikachacha, na zikikauka hutoka zimesinyaa na kupauka. Hapo ndipo pa kutulia. Fuata mpangilio wa kazi yenyewe: kuchuma dakika 1, kuchambua makonyo (kutenga karafuu na vikonyo vyake) dakika 1, kuanika dakika 3. Dakika ya kwanza kabisa ni ya salamu na ile sentensi yako, ya mwisho ni ya kuirudia. Wakubwa wakiwapo, "itifaki imezingatiwa" yatosha; ukitaja cheo kimoja kimoja, dakika 2 zimeliwa na kuchuma hujakugusa.

Takwimu itoshe moja, nayo ishikike: kilo 3 mbichi hutoa takriban kilo 1 kavu. Ukisema asilimia, watu wataanza kupiga hesabu huku wewe umeshaendelea mbele. Bora zaidi njoo na sahani mbili. Karafuu iliyokauka sawasawa ukiivunja karibu na kipaza sauti hukatika kwa mlio. Mbichi hupinda tu. Ila usizipitishe mkono kwa mkono huku unazungumza, maana macho yote yatafuata sahani.

Maneno ya Kiswahili ni marefu, basi kwa mwendo wa utulivu kadiria maneno 90 hadi 100 kwa dakika. Dakika 7 hazizidi maneno 700, na anayekuja na kurasa sita ataishia kukimbia. Ukishaandika, usiende kusoma. Hamishia mambo makuu kwenye kadi nne au tano, herufi kubwa, maneno machache, kila kadi na nambari yake pembeni, kwani siku ya kuanguka sakafuni zitaanguka zote pamoja. Simu siipendekezi: kioo hujizima, na pengine hupigiwa papo hapo.

Jizoeze mara tatu ukiwa umesimama, kwa sauti, saa mkononi. Kusoma kimoyomoyo hudanganya kwa kuwa jicho lina mbio kuliko ulimi. Mara ya tatu msomee mtu asiyehusika na karafuu, kisha umwombe akueleze alichokipata. Asipoitaja ile sentensi yako, irekebishe hotuba, usimlaumu yeye.

Ukumbini, kipaza sauti kiwe umbali wa vidole vinne kutoka mdomoni, na usikipulize kukijaribu. Mtu akiuliza, rudia swali lake kabla ya kulijibu, kwani waliokaa nyuma hawakulisikia. Usilolijua sema hulijui, uendelee na jengine.

Na uulize mapema adhana ya Adhuhuri itaangukia saa ngapi. Ukikatizwa katikati ya kuanika, wanaorudi baada ya sala hawatakumbuka ulipofikia. Mwombe mshereheshaji akupe nafasi ya mapema, au akuweke baada ya sala kabisa.