Upepo wa usoni na bendera iliyo juu

Swali: Kwenye gemu ya gofu, shimo liko yadi 150, upepo wa maili 10 kwa saa unanijia usoni, bendera iko futi 30 juu yangu. Napiga yadi 150 kamili, mpira unaishia mchangani. Nakosea wapi?

Jibu: Kilima umekisahau, ndugu yangu! Futi 30 ni yadi 10; ziongeze. Upepo wa usoni nao hula takriban asilimia 1 ya umbali kwa kila maili ya kasi yake, yaani yadi 15 hivi. Piga kama shimo liko yadi 175. Ukigeuka ukawa wa mgongoni, usipunguze kiasi hichohicho, maana husaidia karibu nusu tu. (Mimi niliharibu raundi nzima hapo.) Mpira wa juu hupeperushwa zaidi, chukua fimbo ndefu, upige chini.