Kuhusu mbegu za asili za spinachi

Dada, umeuliza kwa nini mbegu za spinachi (hii ya kwetu yenye majani mapana, yaani Swiss chard) ulizopanda bustanini huko Iringa zimeota kwa mafungu, na kama unaweza kujitunzia mbegu badala ya kununua kila msimu. Hiyo punje yenye mikunyo si mbegu moja, bali ni mbegu kadhaa zilizoshikamana, na ndiyo maana shimo moja hutoa miche miwili, mitatu au zaidi. Miche ikifikia majani mawili au matatu, bakiza ulio na nguvu na ukate mingine kwa mkasi, kwa sababu ukiing'oa utatikisa mizizi ya unaoubakiza. Nafasi ya sentimita 30 kati ya mche na mche inatosha. Wakati mwingine loweka mbegu usiku mmoja kabla ya kupanda, hasa mwezi wa Juni na Julai, kwani baridi ya kwetu huchelewesha uotaji.

Mbegu unaweza kujitunzia, mradi aina yako si chotara. Chuma majani ya nje tu, uache mimea kadhaa iliyo bora ikae hadi itoe shina la maua, jambo ambalo kwa kawaida hufuata kipindi cha baridi. Angalizo langu kubwa ni bitiruti: chavua yake hupeperushwa na upepo na huzaana na spinachi, kwa hiyo usiruhusu zote mbili zichanue pamoja. Kata mashina punje zikishageuka kahawia, kisha uyaanike kivulini.